Seli shina na kisukari: ukiacha sindano, unapokea nini?

Mwaka jana kaka yangu alikuja nyumbani na hati ya kiwanja ndani ya bahasha. Binti yake ana miaka 16, na tangu akiwa na miaka 9 anaishi na kisukari aina ya kwanza: sindano nne kwa siku, kidole kutobolewa asubuhi, mchana na jioni, na daftari la vipimo ambalo mama yake hulikagua kila Jumapili. Wiki mbili kabla ya hapo sukari ilimshuka usiku wa manane. Walimkuta ameloa jasho, macho wazi, hajibu. Wakampaka asali ndani ya shavu mpaka akarudi. Baada ya usiku ule kaka hakutaka tena kusikia habari za kudhibiti. Alitaka kumaliza. Jamaa mmoja akamtumia tangazo kwenye WhatsApp: kliniki ya ng'ambo, dripu mbili za seli shina, sukari inakwisha. Bei yake ilikaribia thamani ya kile kiwanja.

Aliniletea mimi kwa sababu nafanya kazi maabara. Nikamwomba mwezi mmoja nisome. Niliyoyapata nayaandika hapa kwa mpangilio wa mtu anayetaka kuchagua, maana tangu hapo nimeulizwa swali hilohilo na wazazi wengi kwenye benchi la kliniki.

Kilichonisaidia ni kubadilisha swali lenyewe. Ukiuliza "je, inaponya?", kila mwenye kliniki atakuambia ndiyo. Uliza hivi: nikiacha sindano, napokea nini badala yake? Kila njia nitakayoitaja hapa inakutua mzigo mmoja na kukutwika mwingine, na mizigo hiyo hailingani uzito.

Jina la ukoo

"Seli shina" ni jina la ukoo, si la mtu mmoja. Ndani ya ukoo huo kuna seli zinazotokana na kiinitete, ambazo James Thomson na wenzake wa Wisconsin, Marekani, walizitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Kuna nyingine ambazo zilikuwa seli za kawaida za mtu mzima, za ngozi au za mafuta, zikarudishwa kwenye hali ya utoto. Njia hiyo aliionyesha Shinya Yamanaka wa Kyoto kwa seli za panya mwaka 2006 na kwa seli za binadamu mwaka 2007, na mwaka 2012 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon. Makundi haya mawili yanaweza kulelewa maabara, hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, hadi yawe seli beta, yaani seli za kongosho zinazohisi sukari na kutoa insulini.

Halafu kuna seli za mesenkaima, zinazopatikana kwenye uboho, kwenye mafuta ya tumbo na kwenye kitovu cha mtoto aliyezaliwa. Hizi si mbegu ya kongosho jipya. Kazi yake kubwa ni kutuliza kinga ya mwili iliyochachamaa. Na kuna seli shina za damu, zile zinazotumika katika upandikizaji wa uboho.

Nimeanza na hili kwa sababu ile kliniki ya kwenye tangazo ilionyesha picha ya Yamanaka na habari za wagonjwa wa Boston, Marekani, ambao nitawaeleza mbele, lakini nilipouliza kwa barua pepe wanadunga seli gani, jibu lilikuwa: za kitovu. Ni sawa na kuoneshwa picha ya basi halafu ukasafirishwa kwa bajaji. Vyote ni vyombo vya usafiri.

Jambo la pili la kujua kabla ya kulinganisha ni aina ya kisukari chako. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayozishambulia seli beta na kuziua. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo tiba ina kazi mbili: kuleta seli mpya, na kuzilinda zisiuawe kama zilivyouawa za kwanza. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu zaidi ya 9 katika kila 10 wenye kisukari, mwili unakuwa sugu kwa insulini, na kongosho linafanya kazi kupita kiasi hadi linachoka. Tiba inayomfaa mmoja huenda isiwe na maana yoyote kwa mwingine.

Edmonton, mizani ya kupimia

Kabla ya seli shina kulikuwa na kongosho za marehemu. Mwaka 2000 James Shapiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, mjini Edmonton, Kanada, walitangaza kwamba wagonjwa 7 wa aina ya kwanza wameacha sindano zote. Walichukua kutoka kwenye kongosho za marehemu vile vifungu vya seli vinavyoitwa visiwa vya Langerhans, wakavimimina katika mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini, vikashika humo na kuanza kutoa insulini. Hakuna upasuaji mkubwa, ni bomba jembamba tu.

Dunia ilishangilia, kisha ikahesabu. Utafiti uliofuata katika hospitali za nchi kadhaa ulihusisha wagonjwa 36, na baada ya mwaka mmoja 16 walikuwa hawatumii insulini. Katika hao 16, miaka miwili baada ya kupandikizwa walibaki 5. Wengi walihitaji kongosho za zaidi ya marehemu mmoja, na kongosho za kuchangia ni chache kila mahali. Hata hivyo, wengi waliorudi kwenye sindano walirudi kwa dozi ndogo, na lile janga la kuzimia kwa sukari kushuka liliwapungua sana. Juni 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha rasmi tiba ya visiwa vya marehemu kwa jina la Lantidra, kwa watu wazima wa aina ya kwanza ambao sukari yao inashuka vibaya mara kwa mara.

Naiita mizani kwa sababu kila tiba ya seli shina inayojisifu leo lazima ijibu maswali ambayo Edmonton iliyafundisha. Ni wangapi wameacha sindano? Wameacha kwa muda gani? Na wanameza nini kila siku ili seli zisikataliwe?

Boston na Tianjin, bega kwa bega

Hapa ndipo penye habari yenyewe, na ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Marekani na China ndizo zinazoongoza kwa wingi wa tafiti za jambo hili, na zimeshika njia mbili tofauti.

Ya Boston ina mizizi nyumbani kwa mzazi. Douglas Melton, mwanasayansi wa Harvard, alikuwa akichunguza ukuaji wa vyura hadi mwaka 1991, mtoto wake wa kiume Sam alipogundulika na kisukari aina ya kwanza akiwa bado mchanga. Baadaye binti yake Emma naye akaugua. Melton akaacha vyura. Mwaka 2014 maabara yake ilieleza namna ya kutengeneza seli beta za binadamu kwa mamia ya mamilioni kutoka kwenye seli shina. Kampuni aliyoianzisha aliipa jina la Semma, kutokana na majina ya watoto wake wawili, na mwaka 2019 ikanunuliwa na kampuni ya dawa ya Vertex kwa dola milioni 950.

Tiba iliyozaliwa humo inaitwa zimislecel, zamani VX-880. Ni seli zilizotoka kwenye seli shina za kiinitete, zinazotengenezwa kiwandani na kuwekwa akiba. Mgonjwa yeyote anapewa seli za kundi hilohilo, na zinaingizwa kwenye ini kama za Edmonton. Juni 2025 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 12 waliopata dozi kamili ya seli milioni 800 na kufuatiliwa mwaka mzima. Wote 12 waliepukana na sukari kushuka kwa kiwango cha hatari, na wote walifikia chini ya asilimia 7 kwenye HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Mwishoni mwa mwaka huo, kumi hawakuwa wakitumia insulini ya sindano hata kidogo.

Nilipomsomea kaka mstari huo alisimama. Nikamwomba akae nimsomee unaofuata. Katika watu 14 waliopewa tiba hiyo, wakiwemo 2 walioanza na nusu dozi, wawili walifariki. Mmoja alikufa kwa homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi, ugonjwa unaowapata watu walioshushwa kinga. Mwingine alikuwa na tatizo la ubongo tangu kabla ya tiba, likazidi. Seli zenyewe hazikutajwa kuwa chanzo. Lakini dawa za kushusha kinga ni sehemu ya tiba, huwezi kuchukua seli ukaziacha dawa. Wagonjwa wanazimeza kila siku ili mwili usikatae seli za mtu mwingine, na ili ile kinga iliyoua kongosho la kwanza isiue hizi pia.

Hili la kinga mtu wa Afrika Mashariki alisome mara mbili. Dawa hizi zinapunguza nguvu ya kupambana na maambukizi, zinaongeza hatari ya baadhi ya saratani, na baadhi yake zinaumiza figo, kiungo kilekile ambacho mgonjwa wa kisukari anahangaika kukilinda. Katika nchi ambako kifua kikuu kimelala ndani ya watu wengi bila dalili, kushusha kinga ni kukiamsha. Dawa hizo zinataka kupimwa kiwango chake kwenye damu mara kwa mara, na mahali ambapo insulini yenyewe huhifadhiwa kwenye mtungi wa udongo kwa kukosa friji, vipimo hivyo si vya kuvikuta kwenye zahanati ya jirani.

Sasa Tianjin. Deng Hongkui wa Chuo Kikuu cha Peking na madaktari wa Tianjin walichukua njia ya kumtengenezea mgonjwa seli kutoka mwilini mwake mwenyewe. Mgonjwa wao wa kwanza alikuwa mwanamke wa miaka 25, mwenye kisukari aina ya kwanza kwa miaka 11. Walichukua seli za mafuta yake, wakazirudisha utotoni kwa kemikali bila kumwingizia jeni ngeni, wakazilea hadi zikawa visiwa vya kongosho. Juni 2023 wakampandikiza, lakini si kwenye ini. Waliziweka chini ya utando wa msuli wa tumbo, mahali ambapo zinaonekana kwa kipimo cha picha, na zikileta matatizo zinaweza kutolewa. Siku 75 baadaye aliacha insulini. Ndani ya miezi minne, muda ambao sukari yake ilikuwa ndani ya kiwango kizuri ulipanda kutoka asilimia 43 ya siku hadi asilimia 96. Matokeo ya mwaka mzima yalichapishwa Septemba 2024, na alikuwa bado hatumii sindano.

Kwa haraka haraka unaona Tianjin imeshinda: seli zako, mahali salama, hazina kiinitete, jambo ambalo kwa wasomaji wengi, Waislamu na Wakristo, si dogo. Kuna mambo mawili yaliyonizuia kusema hivyo.

Kwanza, huyu dada alikuwa tayari amepandikizwa ini, na tayari alikuwa akimeza dawa za kushusha kinga kwa ajili ya ini hilo. Kwa hiyo hatuwezi kujua kutoka kwake kama seli zake zingesalimika bila dawa. Na kwa aina ya kwanza kuna sababu ya kuogopa: kinga ilikwisha kuua seli beta zake mwenyewe mara moja. Kuzitengeneza upya kutoka kwake ni kumrudishia adui uso anaoujua. Pili, kumtengenezea kila mtu zake ni kazi ya miezi kwa kila mgonjwa, na kila kundi jipya lazima lipimwe upya kuhakikisha hakuna seli iliyobaki changa inayoweza kuwa uvimbe. Boston inapika sufuria moja kwa watu wengi. Tianjin inampikia kila mgeni chungu chake.

Kwa hiyo nikiziweka pamoja: Boston ina watu wengi zaidi waliofuatiliwa, na kwangu ushahidi wa watu 12 una uzito kuliko wa mtu mmoja, hata mtu huyo akiwa na hadithi nzuri zaidi. Tianjin ina mahali bora pa kupandikiza, na naona hapo ndipo wengine watakapoiga. Lakini kwa swali letu la msingi, majibu yanafanana mno. Unaacha sindano, unapokea vidonge vya kushusha kinga.

Nani basi angefaidika na badiliko hilo? Mtu ambaye sukari inamshuka bila dalili, anazimia barabarani, anaogopa kulala. Ndiyo maana utafiti wa Boston ulichukua watu wa namna hiyo hasa. Na mtu ambaye tayari amepandikizwa figo, anameza vidonge hivyo hata hivyo. Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikipandikiza figo tangu 2017, na Kenya ilianza zamani zaidi, kwa hiyo watu wa namna hiyo tunao. Kwao mzigo mpya si mpya. Kwa mtoto wa shule ambaye sukari yake inapanda na kushuka lakini bado anaihisi inaposhuka, sioni daktari makini akimshauri hivyo leo.

Kuzificha seli zisionekane

Ikiwa tatizo ni dawa za kinga, wazo linalofuata ni kuzificha seli. Njia ya kwanza iliyojaribiwa ilikuwa kuziweka ndani ya kifuko chenye vitundu vidogo: sukari na insulini vinapita, askari wa kinga hawapiti. Kampuni ya ViaCyte ya San Diego ilianza kujaribu kifuko chake kwa wagonjwa mwaka 2014. Kifuko kilifunikwa na tishu za kovu, seli zikakosa hewa. Vertex iliyoinunua ViaCyte mwaka 2022 ilikuwa na kifuko chake pia, VX-264, na Machi 2025 ikatangaza kuachana nacho kwa kuwa seli hazikutoa insulini ya kutosha. Anayekuuzia "kifuko" leo anakuuzia kitu ambacho wenye fedha zaidi yake wamekiweka pembeni.

Njia ya pili ndiyo inayonipa matumaini kuliko zote, na nasema hivyo nikijua ni ya mtu mmoja, kosa lilelile nililoinyoshea Tianjin kidole. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, timu ya Per-Ola Carlsson ilipandikiza visiwa ambavyo jeni zake zilikuwa zimehaririwa na kampuni ya Sana Biotechnology. Walifanya mambo mawili: waliondoa alama ambazo kinga huzitumia kumtambua mgeni, na wakaongeza protini inayowaambia walinzi wengine wa mwili "msile hiki". Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 42. Seli zilidungwa kwenye msuli wa mkono wake, na hakupewa dawa yoyote ya kushusha kinga.

Matokeo yalichapishwa Agosti 2025. Wiki 12 baada ya kupandikizwa, seli zilikuwa hai na zinatoa insulini. Sisi wa maabara tunalijua hili kwa kupima C-peptidi, kipande ambacho kongosho hukiachia pamoja na insulini yake. Insulini ya chupa haina kipande hicho, kwa hiyo kipimo hakidanganyiki na sindano. Nilipoiona grafu ile nilinyamaza kidogo. Mtu aliyekuwa hana C-peptidi, sasa anayo, na hamezi kidonge.

Lazima niseme yaliyobaki. Dozi ilikuwa ndogo kwa makusudi, kuangalia usalama, kwa hiyo bwana huyo anaendelea na sindano. Na visiwa hivyo vilitoka kwa marehemu, havikutokana na seli shina. Kampuni hiyohiyo inaandaa za seli shina zenye uhariri uleule. Ikifika siku seli za sufuria kubwa ya Boston zikavaa kinga ya Uppsala na kuwekwa mahali pa Tianjin, hapo swali langu la mwanzo litapata jibu jingine kabisa.

Zinazouzwa sana

Narudi kwenye dripu za kitovu. Sitaki kuonekana nazidharau seli za mesenkaima, kwa sababu watafiti wa kweli wanazifanyia kazi. Carlsson huyohuyo wa Uppsala alichapisha mwaka 2015 utafiti wa watu wazima 20 waliokuwa wamegundulika karibuni na aina ya kwanza. Nusu walidungwa seli za mesenkaima za uboho wao wenyewe. Baada ya mwaka, uwezo wa kongosho lao kutoa C-peptidi ulikuwa umehifadhika kuliko wa wenzao. Hakuna aliyepona. Kilichotokea ni kwamba moto uliokuwa unaunguza nyumba ulipunguzwa kasi, na hilo lina faida pale tu ambapo bado kuna nyumba.

Binti wa kaka ana miaka saba na ugonjwa huu. C-peptidi yake tulishaipima, haisomeki. Kumtuliza kinga kwa dripu mbili ni kuzima moto kwenye majivu. Hicho ndicho ambacho wale wa tangazo hawakumwuliza hata mara moja: mtoto ameugua lini, na kongosho lake limebakiza nini?

Kuna jaribio kali zaidi la kuzima moto, la Brazil. Júlio Voltarelli na wenzake wa Ribeirão Preto waliifuta kinga ya wagonjwa wapya kwa dawa nzito kama za saratani, kisha wakawarudishia seli shina zao za damu ili kinga ianze upya. Mwaka 2007 waliripoti kuwa 14 kati ya 15 waliacha insulini kwa kipindi fulani. Mwaka 2009, wagonjwa wakiwa 23, walioacha walikuwa 20, na 12 kati yao bila kurudi nyuma hadi wakati huo. Ni namba kubwa kuliko za wengine wote. Lakini baadhi yao walipungukiwa mbegu za uzazi, na hatari ya kufa kwa tiba yenyewe ni kitu ambacho madaktari wengi wanaona hakistahili kwa ugonjwa ambao insulini inaweza kuushikilia. Nakubaliana nao.

Kuhusu kliniki za kulipia, nitataja tukio moja la wazi. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliandika habari za wanawake 3 waliopoteza uwezo wa kuona baada ya kliniki moja ya Florida kuwadunga machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta yao ya tumbo. Walikuwa na ugonjwa wa macho, si kisukari, lakini biashara ilikuwa ya namna hiyohiyo: walilipa wenyewe, na baadhi yao waliamini wanashiriki utafiti kwa kuwa waliuona kwenye orodha ya kimataifa ya tafiti. Kwa hiyo kuona jina la kliniki kwenye orodha hakutoshi. Utafiti halali kwa kawaida haukutozi fedha ya kukutibu, unakupa maandishi ya hatari ukayasome nyumbani, unaonyesha kibali cha kamati ya maadili, na una sharti la nani asiingie. Kaka aliambiwa hakuna sharti. Mtoto, mzee, aina yoyote, waje tu.

Kwa wenye aina ya pili

Hapa nitakuwa mfupi, ingawa ndio wengi. Shanghai, katika Hospitali ya Changzheng, mwanamume wa miaka 59 mwenye aina ya pili kwa miaka 25 alipandikizwa Julai 2021 visiwa vilivyotokana na seli zake mwenyewe. Wiki 11 baadaye aliacha insulini, na baadaye vidonge vya sukari pia. Habari hiyo ilitoka 2024 na ilizunguka sana kwenye simu zetu. Wachache waliosambaza waliongeza kwamba alikuwa amepandikizwa figo mwaka 2017, yaani alikuwa kwenye dawa za kinga tayari. Ni yule mtu niliyemtaja juu, ambaye mzigo wake haukuongezeka.

Weka kando ya hapo jambo lisilo na seli hata moja. Nchini Uingereza, utafiti ulioitwa DiRECT ulichukua watu 306 wenye aina ya pili ya miaka isiyozidi 6. Nusu yao walipewa lishe ya karibu kalori 850 kwa siku kwa miezi kadhaa chini ya usimamizi, kisha wakasaidiwa kulinda uzito mpya. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 ya waliopunguza chakula walikuwa nje ya kiwango cha kisukari bila dawa. Baada ya miaka miwili, asilimia 36. Mwenye aina ya pili changa, mwenye uzito wa ziada, anayetaka kuuza shamba aende kudungwa seli, angeanza kumwonyesha daktari wake namba hizo. Asianze peke yake kama anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, maana dozi lazima ipunguzwe sambamba na chakula.

Nilichomwambia kaka

Nilimwambia kwamba kwa mwanawe leo ninachagua insulini, na fedha ya kwanza iende kwenye kile kilichotutisha: usiku. Kifaa cha kubandika mkononi kinachosoma sukari na kupiga kelele inaposhuka ni ghali kwetu, lakini si kiwanja. Wakati wa kusubiri kipatikane, kipimo cha saa tisa usiku na kupunguza dozi ya jioni siku za michezo, kama daktari wake alivyoelekeza. Nilimwambia pia kwamba nafuatilia Uppsala kuliko Boston, na kwamba figo na macho ya mtoto yakitunzwa vizuri sasa, tiba ikija itamkuta akiwa mzima wa kuipokea.

Binti alikuwa amekaa mlangoni muda wote tukidhani anachezea simu. Akauliza, "Shangazi, hizo dawa za kushusha kinga, mtu anaweza kuzaa akiwa anazinywa?"

Nikamjibu ninachokijua: kuna moja inayotumika sana, maikofenolati, ambayo huharibu mimba na lazima isimamishwe na kubadilishwa mapema kabla ya kushika ujauzito, nyingine wanawake wamezaa wakiwa nazo, kwa uangalizi wa karibu. Kaka akanitazama, kisha akamtazama mwanawe. Katika mwezi mzima wa kuhesabu fedha, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza yeye. Akaikunja bahasha, akavuta kiti kimoja akakiweka katikati yetu, akamwambia aje akae, nianze kusoma upya kutoka Edmonton.